Datsun 240Z: L28 ya lita 3.1 kwa barabara za Nairobi na Mombasa

Zed_Nairobi (swali)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua injini ya L ya Datsun nje ndani (L24 ni ya lita 2.4, L28 ya lita 2.8).

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, HS30, usukani kulia. Bodi imekwanguliwa rangi mpaka kwenye bati. Injini yake ni L24 ya asili, cc 2393, inawaka lakini imechoka. Vipuri vilivyopo ni bloku ya L28 yenye chapa F54, silinda hedi mbili (P90 na N42), krenki ya dizeli ya LD28 yenye chapa V07, kondirodi za L24 na giaboksi ya gia 5 ya 280ZX. Kabureta bado ni zile SU mbili za Hitachi. Difu ni R180 ya kawaida, breki za mbele ni za kiwandani na za nyuma ni za ngoma.

Ninachotaka ni gari la barabarani lenye farasi 220 hadi 240 kwenye flaiwili, bila turbo, linalovuta vizuri kuanzia mizunguko 2,500. Litakaa Nairobi lakini litashuka Mombasa mara kwa mara. Injini lazima ibaki ya L. Gari la aina hii ndilo lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ukilitoa moyo wake, kwangu si gari lile tena.

Naomba kujua: nijenge lita 2.8 au 3.1? Hedi ipi kati ya hizi mbili? Kabureta tatu za Weber zitafaa kwa gari linalopanda na kushuka namna hii? Na nini kitavunjika kwanza nyuma ya injini?

---

Kerezo254

Mkuu, usinunue pistoni hata moja kabla bloku haijapimwa. Uamuzi wa 2.8 au 3.1 unatolewa na chuma chenyewe.

F54 ina kuta za silinda zilizoungana ndani ya koti la maji, kwa hiyo inavumilia kupanuliwa kuliko bloku ya N42. Lakini kila bloku ina historia yake: kiini cha kalibu kiwandani kikisogea kidogo, ukuta mmoja unakuwa mnene na wa pili mwembamba. Na kama gari lilizungushwa maji ya bomba miaka mingi, kutu imekula kutoka ndani na huioni. Tafuta karakana yenye kipima unene cha altrasaundi. Kila silinda ipimwe pande nne, kwenye vimo vitatu, yaani vipimo 72 kwa bloku nzima. Unachokitafuta zaidi ni zile pande mbili ambazo pistoni huegemea, kushoto na kulia kwa krenki. Baada ya kupanua mpaka mm 89, ukuta wa upande huo ukibaki chini ya mm 3.5, mimi siikubali kazi hiyo. Ishia mm 87 na ujenge 2.8.

Hesabu za ujazo ni hizi. Mm 87 kwa mwendo wa krenki ya L28, mm 79, ni cc 2818. Mm 89 kwa mm 83 za LD28 ni cc 3098.

Sasa hedi, na hapa ndipo watu wengi huharibu pesa. Chumba cha N42 ni cc 44.6, cha P90 ni cc 53.6. Chukua gasketi ya mm 1.2 na pistoni bapa inayofika usawa wa uso wa bloku:

2.8 na N42: uwiano wa mgandamizo 10.0.
2.8 na P90 isiyokatwa: 8.7.
3.1 na N42: 10.9.
3.1 na P90 isiyokatwa: 9.4.

Kwa petroli ya pampu na safari za Pwani, hiyo ya mwisho ndiyo kazi yako. Silinda ikiwa kubwa, hewa inayobanwa ni nyingi, kwa hiyo chumba kikubwa cha P90 kinaacha kuwa kasoro. Hakuna haja ya kuikata mm 2 wala kuweka shimu chini ya minara ya kemshafti. Kwenye 2.8 ungelazimika kufanya hivyo, maana ukikata hedi kemshafti inashuka, cheni inalegea na taimingi ya kemu inachelewa. Valvu za P90 ni mm 44 na 35, sawa na za N42, na milango yake ya ekzosi ni ya mraba, hivyo manifoldi ya kawaida ya 240Z inakaa sawa. Hata hivyo pima vyumba vyote sita kwa bureti na kioo cha plastiki. Hedi ya umri huu huenda imeshapigwa fesi na mtu asiyeandika popote.

Kimo cha pistoni: uso wa bloku uko mm 207.85 kutoka katikati ya krenki. Toa nusu ya mwendo, 41.5, toa kondirodi ya L24, 133, inabaki 33.35. Hicho ndicho kimo cha pini utakachoagiza, ila subiri bloku isawazishwe juu kwanza, ndipo upime tena. Agiza gasketi yenye tundu la mm 90. Gasketi ya tundu dogo itachungulia ndani ya silinda, iwe nyekundu kwa joto na kuwasha petroli kabla ya plagi.

Kondirodi za L24 za mwanzo zina bolti za mm 8, wakati za L28 ni mm 9. Hapo ndipo pa dhaifu. Weka bolti mpya za ARP, kisha jicho kubwa la kila rodi lirudishwe kwenye duara, kwa sababu bolti mpya hubadilisha umbo lake. Ukifunga bolti mpya bila kazi hiyo, beringi inabanwa upande mmoja na kufa mapema.

Krenki ya V07 ilinganishwe ncha ya mbele na ile ya L24 kabla ya kufunga. Ikiwa ndefu zaidi, bolti itabana ncha badala ya kubana puli, na puli ikilegea inakula kabari na mfereji wake. Puli yenyewe isiwe ya zamani. Ule mpira katikati ya pete mbili ukichoka, pete ya nje inateleza. Unapata hasara mbili: krenki ndefu ya silinda sita inakosa kitu cha kutuliza mtetemo wake, na alama ya taimingi inadanganya. Unafunga digrii 34 kumbe injini inapata 42.

Wakati wa kuhoni (kulainisha kuta za silinda), bloku ifungwe bamba la chuma zito juu yake kwa torki ileile ya hedi. Bolti zinavuta kuta, na silinda iliyo duara bila bamba haiwi duara ukifunga hedi. Torki ya hedi ni Nm 73 hadi 83 kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje. Kofia za beringi kubwa ni Nm 45 hadi 54.

Kemshafti: kwa 3.1 ya barabarani kaa kati ya digrii 270 na 280 za muda wa valvu kuwa wazi. Ukizidi hapo unapoteza zile 2,500 unazozitaka. Kama ni kemu iliyochongwa upya, duara lake la chini limepungua, kwa hiyo zile kofia ndogo juu ya valvu zibadilishwe za unene mkubwa zaidi. Paka rangi ya bluu kwenye roka, zungusha kwa mkono, angalia alama. Mkwaruzo uwe katikati ya uso wa roka. Ukiangukia ukingoni, roka na kemu vinalika haraka sana. Pengo la valvu injini ikiwa baridi ni mm 0.20 kwa ya kuingiza na 0.25 kwa ya kutolea.

Jambo dogo linaloangusha hata mafundi wazoefu: kabla ya kuvua gia ya kemshafti, shusha kabari ya mbao katikati ya cheni, upande wa tenshena. Bila kabari tenshena inaruka nje, na hakuna njia ya kuirudisha ila kufungua kifuniko cha mbele chote.

---

Pwani_Jeti

Naongeza upande wa mafuta na moto, kwa sababu gari hili linaishi sehemu mbili tofauti kabisa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni kama 82% ya lile la Mombasa, na uzito wa hewa umepungua kwa takriban 16%. Injini iliyopimwa farasi 240 Pwani itatoa kama 200 Nairobi, hata ifungwe vizuri namna gani. Usihangaike kutafuta hizo 40 kwa kuongeza mgandamizo. Huo ndio mtego. Ukijenga uwiano wa 11 ukiwa Nairobi injini itatulia, haigongi (petroli hailipuki ovyo ndani ya silinda), utaisifu. Ukifika Mtito Andei joto limepanda, hewa imekuwa nzito, na ukikanyaga pedali kupita lori kule chini, injini inagonga. Kugonga kwa sekunde chache ukiwa mzigo kamili kunatosha kuvunja ukuta wa ringi. Kwa hiyo ile 9.4 ya Kerezo nakubaliana nayo.

Kabureta nayo ina tabia yake. Hewa ikipungua uzito, petroli inayonyonywa haipungui kwa kiwango kilekile, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa karibu 9%. Kipenyo cha jeti kuu kinatakiwa kipungue kwa kama 4%. Kwa Weber 45 DCOE tatu kwenye lita 3.1 ningeanza Mombasa na haya:

Choki (koo nyembamba ndani ya kabureta) mm 36, jeti kuu 145, jeti ya hewa 180, bomba la emalshani F2 (lile la silinda za cc 450 hadi 575), jeti ya sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga pedali) 55F9, jeti ya pampu 40.

Ukipanda Nairobi, badilisha jeti kuu ziwe 140. Ukiona bado nzito, 135. Ni jeti sita, zinatoka kwa juu bila kuvua kabureta, kazi ya robo saa. Weka kipima mchanganyiko chenye senseta ya oksijeni kwenye ekzosi na uache namba zikuongoze: 12.6 hadi 12.9 ukikanyaga mwisho, 13.5 hadi 14.5 ukisafiri mwendo wa kawaida.

Kanuni moja usiivunje: ukishuka Pwani, jeti za Pwani ziwe ndani kabla ya kuondoka. Kupanda Nairobi na jeti za Mombasa kunakula petroli na kuchafua plagi tu. Kushuka Mombasa na jeti za Nairobi kunafanya mchanganyiko uwe mwepesi hapohapo ambapo silinda inapata hewa nyingi zaidi. Makosa hayo mawili hayana gharama moja.

Taimingi ya moto vivyo hivyo. Jumla ya digrii 34 Mombasa, 36 Nairobi, zote ziwe zimeingia ifikapo mizunguko 3,000. Distributa ya elektroniki ya 280ZX, ile E12-80, inaingia kwenye L bila shida na inakuondolea platini. Lakini kwa matumizi yako ningefunga kompyuta ndogo ya kuwashia yenye gurudumu la meno kwenye puli na senseta ya shinikizo la hewa ya nje, ipunguze digrii yenyewe gari linaposhuka. Usitumie mvuto wa manifoldi kama kipimo cha mzigo. Koo sita zikiwa wazi kila moja peke yake, mvuto unarukaruka na kompyuta inachanganyikiwa. Tumia senseta ya pembe ya vali ya kabureta. Plagi anza na NGK BP7ES, pengo mm 0.8.

Shinikizo la petroli kwa Weber ni psi 3, lisizidi 3.5. Likizidi, sindano ya floti inashindwa kufunga, na unapata mafuriko ukisimama kwenye taa. Weka njia ya kurudisha petroli tanki. Kwenye foleni ya Nairobi petroli inachemka mapema kwa sababu shinikizo la hewa ni dogo, na ekzosi ya 240Z iko chini kabisa ya kabureta, upande mmoja. Bamba la kuzuia joto la kiwandani lirudishwe, na vipande vya bakelaiti viwekwe kati ya kabureta na manifoldi.

Kabureta zenyewe zisibanwe mpaka mwisho. Zinakaa juu ya pete za mpira na washa za springi, ukibaki uwazi wa karibu mm 1 katikati ya mizunguko ya springi. Ukikaza kabisa, mtetemo wa injini unaingia kwenye kikombe cha floti, petroli inatoa povu, na injini inakata kwenye mizunguko ya juu. Utalaumu jeti wiki nzima, kumbe ni nati.

Na tafadhali, tarumbeta (midomo ya kuingizia hewa kwenye kabureta) zisiachwe wazi. Vumbi la murramu likiingia kwenye silinda mpya zilizohoniwa, ringi hazimalizi mwaka.

---

Turbo_Moja

Wakuu, nawasoma tu. Kwa gharama za pistoni za kuagiza, kabureta tatu na kazi ya karakana, si angenunua 1JZ (injini ya Toyota) yenye turbo kutoka kwenye Mark II iliyogongwa? Inatoka kiwandani na farasi 280, kompyuta inajirekebisha yenyewe Nairobi na Mombasa, na spea ziko kila kona.

---

Kerezo254

Hoja ya kompyuta ni ya kweli, na anayetaka nguvu kwa shilingi chache afuate njia hiyo. Ila ahesabu yote: sampu ya 1JZ inagombana na mhimili wa mbele wa 240Z, giaboksi inahitaji kiti kipya na pengine handaki la sakafu linalopitisha giaboksi lipanuliwe, rejeta na intakula vipate nafasi, propela shafti mpya, nyaya zote, halafu namba ya injini kwenye logbook ibadilishwe. Difu na breki za gari la kilo 1,050 nazo hazikutengenezwa kwa torki ya turbo. Mwenye swali amesema ataka L, tumsaidie hapo.

---

Difu_na_Breki (Dar es Salaam)

Nyuma ya injini, mkuu, mpangilio wa kuvunjika ni huu: raba ya pua ya difu, klachi, halafu zile jointi za shafti za nusu.

Raba ya mbele ya difu ni vipande viwili vya chuma vilivyogundishwa kwa mpira. Ukiachia klachi kwa nguvu pua ya difu inainuka na kuchana mpira, na unasikia kishindo sakafuni. Kiwandani waliweka mkanda wa kuizuia, nao huwa umeoza. Weka raba mpya pamoja na kizuizi cha chuma juu ya pua. Usifunge difu chuma kwa chuma kwenye gari la barabarani, mlio wa gia utakuchosha kabla hujafika Voi.

R180 yenyewe inatosha kwa farasi 240 kama hurushi gari kwenye mataa. Inachokosa ni kufunga magurudumu mawili. Nairobi imejaa Subaru, tumia nafasi hiyo: Impreza WRX STI nyingi zina difu ya nyuma ya R180 yenye LSD (inayopeleka nguvu kwenye magurudumu yote mawili), na nyumba yake inakaribiana sana na ya Datsun. Kazi iko kwenye shafti fupi za pembeni, kwa sababu za Subaru huchomekwa na za Datsun hufungwa kwa flenji yenye bolti. Kuna shafti za kubadilishia zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Usikubali mtu achomelee kipande juu ya kipande. Hesabu meno kabla ya kulipa, maana nyingine ni 3.9 na nyingine 3.54.

Kwa giaboksi yako ya 280ZX, kama ni ile ya 1981 na kuendelea, gia ya kwanza ni 3.062 na ya tano 0.745. Ukiwa na 3.9 na tairi za 205/60R15, kilomita 100 kwa saa ni kama mizunguko 2,500. Inafaa sana kwa njia ya Mombasa. 3.54 ingekuwa kimya zaidi, lakini kwenye miinuko ungeshuka gia mara nyingi.

Breki za mbele: kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za miaka ya 1979 hadi 1985, zilizopigwa chapa S12+8, zinaingia kwenye matundu yaleyale ya 240Z na zinatumia diski yako ya kawaida isiyo na matundu ya hewa. Kinachohitajika ni kukata au kuondoa bati la vumbi nyuma ya diski na kutengeneza paipu fupi mpya, uzi wa M10×1.0. Ukitaka diski zenye nafasi ya hewa katikati, kalipa ni S12W, na hapo lazima uwe na spesa nyuma ya diski. Jaribu rimu kabla hujamaliza. Rimu nyingi za inchi 14 hugusa kalipa.

Kalipa hizi zinataka oili nyingi zaidi, kwa hiyo masta silinda ya inchi 7/8 inafanya pedali ishuke chini. Weka ya 15/16 ya 280ZX. Nyuma, ngoma zenye viatu vizuri na silinda mpya zinatosha, mradi ufunge vali ya kupunguza shinikizo la nyuma. Gari hili ni jepesi matakoni. Magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza kwenye lami yenye maji, linageuka.

Shokapu: springi za N/mm 32 mbele na 35 nyuma ni ngumu ya kutosha bila kukuumiza kwenye matuta. Ukiweka katriji mpya ndani ya bomba la strati, hakikisha haichezi juu na chini. Ikiwa fupi, weka kipande cha bomba chini yake, na mimina oili kidogo ndani ya bomba ili joto la katriji lipate njia ya kutoka. Mlio wa "kong kong" baada ya kufunga shokapu mpya karibu kila mara ni pengo hilo.

Bodi: angalia sakafu, chasisi za chini ya sakafu, sehemu ya chini ya betri na pale chasisi za mbele zinapoungana na ukuta wa injini. Bati la asili ni jembamba. Chasisi mpya za mm 2 zichomelewe kabla ya injini kuingia, gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake au kwenye jigi, kamwe si kwenye jeki mbili za katikati, maana ukilichomelea limepinda litabaki limepinda.

---

Muscat_Patrol

Kwa wengine wanaosoma na hawana F54: Nissan Patrol 160 ya petroli ilikuja na L28, na huku Ghuba bado zinapatikana kwenye mayadi. Bloku ni nzuri kuanzia. Ila sampu yake haikai kwenye 240Z. Chukua sampu ya L24 yako pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, viende pamoja. Ukichanganya sampu ya gari moja na bomba la jingine, mdomo wa bomba unaweza kugusa chini au kubaki juu ya oili. Na chomelea vizuizi ndani ya sampu, vya kushikilia oili kwenye kona ndefu.

---

Zed_Nairobi

Asanteni sana wakuu. Bloku itaenda kupimwa kwanza, ikiruhusu ni 3.1 na P90. Nimebaki na mambo matatu. Zile pini ndefu za mikono ya chini nyuma zimegoma kabisa kutoka. Niweke kikomo cha mizunguko ngapi? Na siku ya kuwasha mara ya kwanza nifuate utaratibu gani?

---

Difu_na_Breki (Dar es Salaam)

Pini kwanza: usiigonge kichwa kwa nyundo. Uzi unafura kama uyoga na baada ya hapo haipiti tena kwenye tundu. Kuna kibolti kidogo cha kufunga katikati ya nyumba ya strati, chenye ubapa unaokaa kwenye mfereji wa pini. Hicho kitoke kabla ya kitu kingine chochote. Wengi wanapiga pini huku kufuli bado iko ndani. Mimina mafuta ya kulainisha kutu kwenye tundu la kufuli kwa siku kadhaa. Kisha tumia kivutio: bomba nene linalopita pini, washa nzito, nati ndefu ya uzi wa pini, uvute polepole huku ukipasha nyumba joto. Isipotoka, kata pini pande zote mbili kati ya nyumba na mkono, halafu kipande kilichobaki kisukumwe kwa presi ya tani 20. Nunua pini mpya kabla ya kuanza, na zikiingia zipakwe grisi ya shaba.

---

Kerezo254

Kikomo weka 6,800. Kwa mwendo wa mm 83 pistoni inakimbia wastani wa mita 18.8 kwa sekunde, na hapo tayari umeshapita kilele cha nguvu cha kemu uliyoshauriwa.

Siku ya kuwasha: oili iwe ya madini yenye zinki ya kutosha. Kemu ya L inasuguana na roka uso kwa uso, na oili nyingi mpya za magari madogo zimepunguziwa zinki. Oili ya dizeli ya 15W-40 ya daraja la CI-4 inafaa. Kemu na roka zipakwe grisi nzito ya kukusanyia injini. Toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, na fungua kofia ya hedi uone kwa macho oili inafika kwenye kila nundu ya kemshafti. Kama injini yako ina lile bomba la kunyunyizia, hakikisha matundu yote yanatoa. Likiziba moja, nundu hiyo imekwisha.

Taimingi iwekwe kabla, vikombe vya kabureta vijae kabla, ili iwake mara moja. Stata ndefu inafuta grisi kwenye kemu. Ikiwaka, peleka 2,000 hadi 2,500 palepale, ikae hapo dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogo. Isiachwe sailensi. Mtu mmoja aangalie geji ya oili na ya joto, mwingine aangalie kuvuja. Ikivuja sana, zima, rekebisha, endelea kutoka ulipoishia.

Ikipoa kabisa, mwaga oili, kata filta wazi na utandaze karatasi yake. Vumbi la kijivu la kusagana ringi ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku ni kemu au roka, na vinavyong'aa bila kushikwa ni beringi; ukiona kimojawapo, fungua kabla hujaiwasha tena. Kama karatasi ni safi, kagua torki ya hedi ikiwa baridi, rudia pengo za valvu zote 12, kisha kwa kilomita 800 za mwanzo usizidi 4,500. Baada ya hizo rudia torki na pengo mara nyingine.